Kroshe ya remorke ikikwama: dawa ni subira, si marto



Leo hatutaongea juu ya mbegu wala mbolea. Tutaongea juu ya kipande cha chuma kilicho nyuma ya gari, kile chenye kichwa cha mviringo, ambacho kinashika remorke. Mafundi wetu wanakiita kroshe. Ni kitu kidogo, lakini kikigoma siku ya soko, mavuno ya watu wengi yanabaki yamekaa shambani.

Msimu uliopita tulifika kwenye koperative moja ya milimani, upande wa juu wa Baraka. Wanachama walikuwa wamechanga pesa, wakanunua gari ya okazyo iliyotoka Ulaya, pamoja na remorke ndogo. Kroshe ya ile gari ilikuwa ya kujificha: inakaa chini ya parshoki, ukivuta mkono fulani ndani ya kofre, inashuka na kutokea nje. Asubuhi ya kushusha mahindi na mihogo, ilikataa kutoka. Vijana wakachukua marto, wakapiga. Ikashuka nusu, ikabaki pale. Haikurudi ndani, wala haikufika mwisho. Mmoja akasema: "Tuifunge na waya, twende hivyo hivyo." Mama anayetunza sanduku la koperative akakataa. Aliuliza: "Remorke ikijikata kwenye mteremko, na chini kuna watoto wanatoka masomo, nani atajibu?"

Mama yule alisema kweli. Mzigo ulishuka kwa pikipiki, gunia kwa gunia, na faida ya siku ile ikaishia kwenye usafiri. Lakini hakuna mtu aliyeumia. Kutokana na mambo hayo tumeandika hii makala.

Inafanya kazi namna gani?

Kuna kroshe za aina tatu. Ya kwanza haitembei: imefungwa na bulo kwenye shasi, iko nje siku zote. Ya pili inatolewa kwa mkono na kuwekwa ndani ya kofre. Ya tatu ndiyo hii ya kujificha. Shingo yake imepinda kama shingo ya bata, na inazunguka kwenye mhimili mmoja. Ndani kuna pini au goroli za chuma zinazosukumwa na ressort. Shingo ikifika mahali pake, ressort inasukuma pini ndani ya tundu, unasikia "ka!", na kroshe imefungwa. Ukitaka kuirudisha, unavuta mkono au unazungusha kitufe. Kable inavuta pini, na shingo inakuwa huru. Kwenye gari zingine kazi ile inafanywa na moteri ndogo ya umeme.

Kwa hiyo kuna sehemu tatu zinazoweza kugoma: mhimili, pini, na kable (au umeme). Kabla ya kutengeneza, ni lazima kujua ni ipi inayogoma.

Kwa nini inakwama?

Sababu ya kwanza ni kutu. Katika nchi za baridi za Ulaya, wakati wa theluji wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi ile inaruka chini ya gari na kula chuma. Gari inafika kwetu ikiwa imepakwa rangi nzuri juu, lakini kutu imeanza chini zamani.

Sababu ya pili ni matope na vumbi. Barabara yetu ya kitaifa namba 5, wakati wa mvua ni matope, wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu. Gari ikivuka maji, matope laini yanaingia kwenye mhimili na kwenye tundu la pini. Yakikauka, yanakuwa kama simenti.

Sababu ya tatu ni kuacha kuitumia. Kroshe iliyokaa miezi mingi bila kushushwa, kutu inashikanisha vyuma viwili kama gundi. Wengi tunafikiri kitu kisichotumiwa hakiharibiki. Kwa kroshe, ni kinyume.

Kabla ya kuigusa

Simamisha gari mahali pa tambarare. Vuta freni ya mkono, zima moteri, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kama remorke imefungwa, ishushe mzigo kwanza, uitegemeze, ndipo uitoe. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na kriki peke yake. Kriki inateleza, na gari haina huruma.

Jambo lingine ambalo watu wanasahau: shingo ya kroshe ni nzito, na ikijiachilia inashuka ghafla. Usiweke mkono, goti wala uso mahali itakapopita. Watoto wakae mbali. Vaa gla za mikono kama ziko, na miwani, sababu kutu inaanguka machoni.

Hatua kwa hatua

1. Osha. Tumia maji, sabuni kidogo na brashi. Toa matope yote kwenye mhimili na kwenye pini. Acha ikauke. Mara nyingine kazi inaishia hapa.

2. Tafuta sehemu inayogoma. Mtu mmoja avute mkono ndani ya kofre, mwingine aangalie chini akiwa pembeni. Kama ncha ya kable inatembea lakini shingo haitembei, shida iko kwenye pini au mhimili. Kama ncha haitembei kabisa, kable imekatika au imeshikwa na kutu ndani ya mfuko wake.

3. Weka mafuta mepesi. Kama kuna ile dawa ya kulegeza kutu inayouzwa kwenye kopo la kupuliza, ni nzuri. Kama haiko, changanya mazutu na mafuta mepesi ya moteri, nusu kwa nusu, na udondoshe kidogo kidogo kwenye mhimili na pini. Usiweke esansi: inawaka haraka. Subiri nusu saa, weka tena. Kama kutu ni nyingi, acha usiku kucha. Mafuta yanahitaji wakati wa kupenya. Hapa ndipo subira inashinda nguvu.

4. Tikisa, usilazimishe. Mwenzako akiwa anavuta mkono wa kofre, wewe ukiwa pembeni shika shingo, uisukume kidogo kwenda na kurudi. Sababu yake ni hii: uzito wa shingo unaweza kukandamiza pini, na pini iliyokandamizwa haitoki hata ukivuta sana. Ukiipunguzia uzito ule, inatoka yenyewe. Hata ikitembea kidogo sana, ni dalili nzuri. Ongeza mafuta, endelea.

5. Kama ni lazima kugonga, tumia nyundo ya mti au ya mpira, au weka kipande cha ubao katikati. Gonga polepole ubavuni mwa shingo. Usigonge kichwa cha mviringo, wala pini, wala mahali kable inapoingia.

6. Kama kable imekatika, fundi anaweza kuvuta ncha yake kwa pensi akiwa pembeni. Ile ni ya kuirudisha ndani au kuitoa mara moja tu. Kisha nunua kable nyingine kabla ya kuvuta mzigo tena.

7. Ikishafunguka, ifungue na kuifunga mara kumi. Futa mafuta machafu yote, sababu mazutu yakibaki yanakusanya vumbi. Halafu weka mafuta safi mepesi kwenye pini, na grese kidogo kwenye mhimili, kama kitabu cha gari hakikatazi. Kwenye tundu la ufunguo usiweke grese nzito, inashika uchafu.

Kama ni ya umeme

Usianze na marto hata kidogo. Angalia kwanza bateri: iliyochoka haina nguvu ya kuzungusha moteri ile. Angalia fizible yake. Angalia kama nyaya za chini zimekatwa na mawe au zimeoza kwenye viungo. Kroshe nyingi za umeme haziendi kama gari haijasimama au kama plagi ya remorke ingali imechomekwa. Usikae unabonyeza kitufe mfululizo wakati imekwama, utaunguza moteri.

Mambo matatu ya kukataa

Kwanza, moto. Kuna wanaopasha kroshe kwa shalimo ili ilegee. Karibu na pale kuna tanki ya mafuta, na joto linaharibu ressort na kulegeza ugumu wa chuma. Kroshe iliyounguzwa inaweza kuonekana nzima na kuvunjika siku nyingine kwenye mlima.

Pili, bomba refu la kuongeza nguvu kwenye mkono wa kofre. Ule mkono umetengenezwa kwa nguvu ya mtu mmoja. Ukiongeza bomba, unakata kable.

Tatu, waya na sude. Kroshe isiyojifunga haiponi kwa kufungwa na waya, wala kwa kusoneshwa ibaki nje. Kama sehemu ya ndani imekwisha, ni afadhali fundi aitoe yote na kufunga kroshe isiyotembea, kwa bulo, kwenye shasi yenyewe, si kwenye parshoki. Kwa barabara zetu hii ndiyo imara zaidi, na haina kitu cha kukwama.

Imefungwa kweli?

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Kroshe iliyokataa kutoka inakuchelewesha. Kroshe iliyotoka lakini haikujifunga inaua. Kwa hiyo kabla ya kila safari hakikisha mambo haya: umesikia "ka!", mkono au kitufe kimerudi mahali pake, alama ya kijani inaonekana, si nyekundu, kama gari yako iko na alama, na ukitikisa shingo kwa mikono miwili haichezi. Likikosa hata moja, usivute hata gunia moja.

Halafu angalia kichwa chake. Kwa magari ya Ulaya, kipimo chake ni milimita 50. Kikiliwa mpaka milimita 49, muda wake umekwisha. Fundi mwenye kipimo anaweza kupima kwa dakika moja. Funga pia minyororo ya usalama, ipitane chini kama msalaba, ili remorke ikichomoka mdomo wake udakwe na usichimbe chini. Minyororo ifungwe kwenye sehemu isiyotembea, si kwenye shingo inayozunguka.

Mzigo nao unaua kroshe

Remorke nyingi ndogo za Ulaya zisizo na freni zimeandikwa kilo 750. Ile ni jumla, pamoja na remorke yenyewe. Kama remorke tupu ni kilo 200, inabaki kilo 550: yaani magunia 11 ya kilo 50, au matano ya kilo 100. Si ishirini! Na angalia pia gari yako imeruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Fuata ile iliyo ndogo.

Panga magunia mazito juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Yakiwa yote nyuma, mdomo wa remorke unanyanyua gari na remorke inacheza kama mkia. Yakiwa yote mbele, yanakandamiza kroshe kupita kiasi. Kwenye kibao cha kroshe kuna herufi S na namba: ni kilo zinazoruhusiwa kukaa juu ya kichwa chake. Mizani ya koperative inaweza kupima: weka mdomo wa remorke iliyopakiwa juu ya kipande cha mti, na mti juu ya mizani.

Dakika kumi kila mwezi

Tunaomba kila koperative yenye gari ichague mtu mmoja wa kuangalia kroshe. Mara moja kwa mwezi aioshe, aishushe, airudishe, aweke mafuta. Wakati wa mvua, kila baada ya safari ya matope. Aandike tarehe kwenye daftari, sawa vile mnavyoandika kilo za mavuno. Na majaribio yafanywe siku mbili kabla ya soko, si asubuhi ya soko. Siku mbili zinatosha mafuta kupenya usiku mmoja, na fundi kuitwa kama imeshindikana.

Mihogo mibichi ikishang'olewa inaanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Ngazi za mawese nazo hazingoji. Lakini mihogo iliyooza inapandwa tena msimu ujao. Mtu aliyegongwa na remorke hapandwi tena. Ile koperative ya milimani sasa iko na kroshe ya bulo, na mama yule ndiye anayeshika daftari lake. Hakuna gunia linalopanda kabla hajasema: "Imefunga, twende."