Kazi ya Mvinyo Hotelini: Haki na Hatua kwa Watu Wenye Ulemavu

Hoteli na mikahawa kadhaa ya katikati ya jiji, Westlands, Kilimani na Lavington huuza mvinyo kutoka Afrika Kusini, Ufaransa na kwingineko. Mtaalamu wa mvinyo ndiye huchagua chupa za kununuliwa, huzihifadhi na kumshauri mteja ni upi utakaofaa chakula chake.

Hiyo ni kazi ya pua, ulimi na kumbukumbu. Hata hivyo, wengi huanza kama wahudumu wa kawaida, wakibeba sinia na kushuka ngazi kwenda stoo. Hapo ndipo mwenye ulemavu wa viungo hukwama: hukataliwa kwa sababu ya miguu kabla ujuzi wake haujapimwa.

Yannick Benjamin wa New York, Marekani, alipooza miguu katika ajali ya gari mwaka 2003. Alirudi kwenye kazi ya mvinyo akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na hubeba chupa na glasi juu ya kimeza kidogo mapajani. Mwaka 2021 yeye na wenzake walifungua mkahawa wa Contento, ambao sehemu ya kaunta yake ilishushwa ili mtu wa kiti cha magurudumu aifikie. Marekebisho kama hayo fundi wa samani wa Ngong Road anayaweza.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 inakataza ubaguzi kazini. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwatengea watu wenye ulemavu angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi. Anayerekebisha jengo au vifaa kwa ajili yao anaweza kuomba nafuu ya kodi.

Hatua za kuchukua

1. Jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD), Waiyaki Way, Westlands, baada ya kupimwa katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa. Aliyesajiliwa anaweza kuomba vifaa saidizi, msaada wa karo na, akipata kazi, msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi.

2. Pata mafunzo. Chuo cha Utalii, Thika Road, hufundisha huduma ya vyakula na vinywaji. Kwa vyeti vya kimataifa, WSET ya London hupima nadharia na, katika ngazi za juu, kuonja. Court of Master Sommeliers hupima pia kufungua na kumimina chupa mbele ya watahini. Eleza mahitaji yako unapojiandikisha, usingoje siku ya mtihani.

3. Kwenye mahojiano, taja unachohitaji: njia isiyo na ngazi, rafu unazozifikia, meza ya kimo kinachokufaa.

Kuonja si kulewa; wataalamu huonja na kutema. Kazi hii ni ya waliotimiza miaka 18.

Mkazi aliyebaguliwa kwa sababu ya ulemavu anaweza kuwasilisha malalamiko kwa NCPWD au kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa.