Kitunguu, Kisu na Macho ya Mpishi



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, maswali mengi yaletwayo ofisini huwa juu ya majamvi, makonyo, magunia na bei. Safari hii wanachama kadhaa wenye madago makubwa wametuletea swali la jikoni: je, iko njia ya kukata vitunguu maji vingi pasi na mpishi kububujikwa na machozi? Huenda wengine wakacheka. Sisi hatukuona la kuchekesha, na tutaeleza kwa nini.

Dago la wachumaji 40 si nyumba ya watu watano. Mpishi huanza kazi kabla ya alfajiri, na mbele yake pana beseni zima la vitunguu, taa hafifu, na kisu ambacho aghlabu ni butu. Machozi yakimjaa haoni vidole vyake. Kisu kikiteleza, mkono hufungwa kitambaa na jiko hupoteza mtu kwa siku kadhaa. Chakula huchelewa, na mchumaji hupanda mti na njaa. Nasi sote twajua kuwa mwenye njaa na kizunguzungu hana kazi juu ya mkarafuu. Basi jambo lililoanza kwenye kitunguu laweza kwisha chini ya mti.

KWA NINI KITUNGUU HULIZA

Sisi watu wa karafuu tunayo njia nyepesi ya kulifahamu jambo hili. Karafuu mafuta yake yamo tayari ndani ya kikonyo chake. Katika karafuu kavu iliyo nzuri, mafuta ni kama sehemu 15 hadi 20 katika kila 100. Ibonyeze kwa ukucha, mafuta hutoka. Iache juu ya jamvi, harufu yake huenea shamba zima.

Kitunguu ni kinyume. Kishike kizima ukinuse: harufu yake ni ndogo, wala hakimlizi mtu. Waweza kulala chumba kimoja na gunia zima la vitunguu na usitoe chozi. Ile hewa inayochoma haimo ndani ya kitunguu kizima. Huzaliwa pale kisu kinapopita.

Mfano wake ni chokaa ya matumbawe. Chokaa iliyotoka tanuuni, ikiwa kavu, hukaa kimya. Na maji hukaa kimya mtungini. Vikutanishe, huchemka na kufuka mvuke. Kitunguu nacho kimejengwa kwa chembe ndogo zisizohesabika, ambazo wataalamu huziita seli, na ndani ya kila seli mna vyumba. Katika chumba kimoja mna vitu vyenye salfa, ile ambayo wazee wetu huiita kibiriti upele. Kitunguu huivuta kutoka udongoni. Katika chumba cha pili mmefungiwa kimeng'enya, yaani kitu kilicho mfano wa chachu, ambacho kazi yake ni kuvunja vitu na kuvigeuza vingine. Kisu kinapopita, kuta za vyumba hubomoka, viwili hivyo hukutana, na kazi huanza papo hapo.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kimeng'enya hicho kimoja chatosha kutoa hewa ya kuliza. Mwaka 2002 wataalamu wa Japani, wakiongozwa na watu wa kampuni ya vyakula ya House Foods, walitangaza katika jarida la Nature kuwa kipo kimeng'enya cha pili, na kwamba hicho ndicho kimalizacho kazi na kuifanya hewa yenyewe. Ndiyo maana kitunguu thomu, ingawa ni ndugu yake na kina salfa tele, hakitulizi tukikikata: hicho cha pili hakina. Mwaka 2013 uvumbuzi huo ulipewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa kazi zinazomchekesha mtu kwanza kisha zikamfikirisha.

Hewa hiyo hupanda juu mpaka usoni. Jicho siku zote lina utando mwembamba wa maji. Hewa ikigusa maji hayo huchoma kama tindikali hafifu, na kwa kuwa juu ya jicho mna mishipa mingi ya fahamu, habari hufika ubongoni upesi. Ubongo huamuru macho yaoshwe. Basi machozi si ugonjwa wala si udhaifu wa mpishi. Ni mlinzi anayefanya kazi yake. Taabu ni kuwa mlinzi huyo humfumba macho mwenye kisu.

WALIYOYAONA WENZETU KWA MROMBO

Wanachama wenzetu waliokwenda Arusha kutazama maonyesho ya Nane Nane katika uwanja wa Themi walipata nafasi ya kufika Kwa Mrombo, upande wa kusini wa jiji. Hapo ni mahali pa soko na pa nyama choma, na penye nyama choma hapakosi kachumbari. Vitunguu vyekundu vya Mang'ola, kutoka mashamba ya kumwagilia ya wilaya ya Karatu karibu na Ziwa Eyasi, hujaa katika masoko ya Arusha. Na vitunguu vyekundu vya bara ndivyo hivyo ambavyo sisi visiwani hununua vikiisha kuvuka bahari. Kwa hiyo wenzetu walitaka kuona watu wanaokata vitunguu hivyo kutwa nzima hufanyaje.

Walisema hawakuona dawa yoyote ya ajabu. Waliona kijana mmoja akikata beseni zima, macho makavu au yenye unyevu kidogo tu. Meza yake ilikuwa mlangoni penye upepo, si kando ya moto. Kisu chake kilikuwa chembamba, na kila baada ya vitunguu kadhaa alikipitisha juu ya jiwe. Alipasua kitunguu nusu, akalaza upande uliokatwa chini ya ubao mara moja, kisha akakata vipande vyembamba bila ya haraka. Vilivyokwisha katwa havikukaa mbele ya uso wake. Alivisukumia ndani ya beseni la maji. Alipoulizwa siri yake ni nini, alijibu kwamba siri ni jiwe la kunolea.

Jawabu hilo tumelipenda, kwa kuwa limekubaliana na yale wasemayo wataalamu.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kisu kiwe kikali. Kisu kikali hupita katikati ya seli na kubomoa chache. Kisu butu huponda, na kila kinachopondwa hutoa maji na hewa zaidi. Mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza walivyopiga picha za kasi kubwa za kitunguu kikikatwa. Waliona kuwa kisu butu hukandamiza tabaka za kitunguu mpaka zikapasuka kwa kishindo na kurusha matone madogo kwa nguvu kuelekea juu, ilhali kisu kikali hurusha machache.

2. Usikate kwa kupiga. Wataalamu hao hao waliona kuwa kukata kwa kasi huzidisha matone. Anayegongagonga ubao kama atwangaye kisamvu hujiletea machozi mwenyewe. Vuta kisu pole pole.

3. Kata nusu, laza uso chini. Sehemu iliyokatwa ikilala juu ya ubao, hewa haipati njia pana ya kupanda. Kitako chenye mizizi kiache mpaka mwisho. Hicho ndicho kishikacho tabaka pamoja, na kitunguu hakitatelezateleza chini ya kisu.

4. Upepo upite kati yako na kitunguu. Kaa upepo ukuvumie kutoka ubavuni, upeleke hewa pembeni. Jiko la makuti lililozibwa pande zote si mahali pa kukatia vitunguu. Toka nje, kaa chini ya mti. Wenye umeme waweza kutumia feni. Wala usiinamie ubao, inua kichwa.

5. Vilivyokatwa viondoe. Vitie katika maji, au katika sufuria yenye mfuniko. Kilima cha vitunguu vilivyokatwa mbele ya pua huendelea kutoa hewa.

6. Miwani ya kuzamia. Wavuvi wetu wa pweza wanayo. Miwani inayoziba pande zote huzuia hewa isifike jichoni, na kwa hakika hakuna kinga ipitayo hiyo. Anayeona haya kuivaa jikoni na akumbuke kuwa kidole kilichokatwa hakioni haya.

Juu ya kutia vitunguu katika barafu au friji kabla ya kukata, maneno yako pande mbili. Baridi hupunguza kasi ya vimeng'enya, na wapishi wengi huisifu. Lakini majaribio ya Cornell yaliona kuwa kitunguu kilichotoka katika baridi hurusha matone mengi zaidi. Sisi hatuoni sababu ya mwenye dago kugharimia barafu ilhali kinoo cha bei ndogo chamtosha. Kuviloweka maji vikiisha kumenywa husaidia kidogo, illa vikaushwe, maana kitunguu chenye maji huteleza.

Moto ni habari nyingine. Joto huviharibu vimeng'enya, ndiyo maana kitunguu kilichochemshwa kizima hakimlizi mtu, na kile kilichokaangwa kwa pilau hugeuka kitamu.

YASIYOFAA

Wako wanaouma kijiti cha kibiriti, wanaoshika kipande cha mkate mdomoni, na wanaoweka kijiko kati ya meno. Hewa hii haiingilii mdomoni ikafika jichoni. Hulifikia jicho moja kwa moja kutoka nje. Hayo hayadhuru, walakini tusiyategemee.

Linalodhuru ni kufikicha macho kwa mkono uliokuwa ukikata. Mkono huo una maji ya kitunguu, na aghlabu una pilipili. Hapo machozi ya dakika mbili hugeuka maumivu ya saa nzima. Machozi yakija, weka kisu chini kwanza. Ondoka penye ubao, simama penye upepo, uyaache macho yajioshe. Ikiwa pilipili imeingia, nawa mikono vizuri kwa sabuni, kisha osha jicho kwa maji safi mengi. Usitie matone usiyoyajua wala majani. Jicho likiendelea kuuma au kuona ukungu, nenda kituo cha afya. Hilo si la kitunguu tena.

JE, KIPO KITUNGUU KISICHOLIZA?

Kipo, lakini mbali. Mwaka 2015 House Foods ilitangaza kuwa imepata kitunguu kisichotoa machozi kwa kuchagua mimea ambayo vimeng'enya vyake ni dhaifu. Huko Georgia, Marekani, vitunguu vya Vidalia husifiwa kwa upole, na sababu mojawapo ni udongo wenye salfa chache. Jambo hilo lina fundisho kwa mkulima: ukali wa zao huanzia shambani, katika udongo na maji. Lakini hatumshauri mtu akaache kitunguu chekundu kwa hofu ya machozi. Kile kile kinachochoma jicho ni jamaa wa kile kinachotia ladha mchuzini.

SHAURI LETU

Tunatoa shauri kwamba kila mwenye dago, anapoandika orodha ya majamvi, ngazi na magunia, aongeze vitu vitatu: kisu chembamba cha vitunguu peke yake, kinoo kimoja, na ubao mpana usioyumba. Kisu hicho kisikatie kuni wala kamba. Tunalisema hili kwa kuwa twajua mambo ya madago. Na mpishi apewe mahali penye upepo na mwanga, hata kama ni lazima kungojea kupambazuke.

Kinoo hakina gharama ya kumtisha mtu. Twawapimia wachumaji karafuu zao kwa uangalifu, pishi kwa pishi. Yafaa tuwe na uangalifu huo huo kwa yule awalishaye.

Wanachama watakaojaribu haya msimu huu twawaomba watuarifu yaliyowafaa na yasiyowafaa, nasi tutayaandika katika toleo lijalo ili wengine wanufaike.

Wassalaam,
Katibu wa Chama