Mbwa wa Jirani Amemng'ata Mtoto: Je, "Pole" Inatosha?

Mara nyingi neno hili huisha jioni ile ile. Mtoto ametumwa dukani au mashineni, amekutana na mbwa njiani, amerudi akilia na damu ikimchuruzika mguuni. Mama anaosha jeraha haraka haraka na kulifunga kitambaa. Jioni mwenye mbwa anakuja, anasema, "Poleni sana, mama fulani, huyu mbwa sijui amepatwa na nini leo." Pengine anaacha noti moja mezani ya kununulia dawa. Na kwa kuwa tunachota maji kwenye bomba moja, tunasali pamoja na kuzikana, tunaona haya kusema zaidi.

Akina mama wapendwa, amani na jirani ni hazina, nasi hatuandiki makala hii ili kuwagombanisha watu. Lakini hebu tujiulize: nani atalipa sindano, nauli ya kwenda na kurudi hospitalini, na siku ambazo mama hatakwenda kwenye kibarua chake? Na ikiwa mbwa yule yule atamng'ata mtoto mwingine mwezi ujao, nani atakumbuka kwamba aliwahi kumng'ata wa kwanza?

Tumechagua kuutazama mji wa Kagongwa, kata iliyo katika Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, kando ya barabara kuu itokayo Isaka. Kagongwa ni mji wa mpunga na mchele. Mahali penye mashine na maghala pana mali ya kulindwa, na penye mali hapakosi mbwa. Tena wakulima na wafugaji wa Usukuma wamefuga mbwa tangu zamani kwa kulinda zizi na mji. Mbwa hana kosa kwa kuwa mbwa. Swali letu linamhusu anayemfuga.

KWANZA UHAI, NDIPO HAKI

Kabla hatujafika mahakamani, tuanze na jambo lisiloweza kungoja. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba katika Tanzania watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kila mwaka kwa ugonjwa huu. Duniani kote makadirio ni watu 59,000 kwa mwaka, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15.

Hata hivyo ugonjwa huu unazuilika kabisa mtoto akiwahiwa. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, hata kama ni mchubuko mdogo. Usipake majivu wala mafuta. Kisha mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya siku ile ile ili aanzishiwe chanjo. Sindano ni zaidi ya moja, nazo hutolewa kwa siku zilizopangwa, kwa hiyo usiache katikati kwa sababu kidonda kimekauka. Dalili huweza kuchukua wiki au miezi kabla ya kujitokeza, na ndiyo maana wazazi wengi hudanganyika wakadhani hatari imepita.

Vipi kuhusu mbwa mwenyewe? Vijana wetu hukimbilia marungu. Lakini mbwa anayeonekana mzima akifungwa na kuangaliwa kwa siku 10, afisa mifugo anaweza kujua kama alikuwa na kichaa siku aliyomng'ata mtoto. Akiuawa akazikwa, twapoteza jibu hilo. Kama amekwisha kufa, msimguse kwa mikono mitupu, bali mwiteni afisa mifugo, kwa maana maabara ya mifugo inaweza kupima ubongo wake. Lakini chanjo ya mtoto haingoji majibu hayo.

Kuna jambo la kale linalofaa kukumbukwa hapa. Tarehe 6 Julai 1885, mama mmoja kutoka Alsace aliingia katika maabara ya Louis Pasteur mjini Paris pamoja na mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa vibaya siku mbili kabla. Mtoto huyo alipewa chanjo na akapona. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwenye mbwa, Théodore Vone, mwuza duka, alifika Paris pamoja nao. Huo ndio mfano wa kwanza wa wajibu: mwenye mbwa asiishie kusema pole mlangoni, bali afuatane na mgonjwa mpaka anapotibiwa.

JE, MWENYE MBWA ALIJUA?

Sasa tuje kwenye sheria. Madai ya fidia kwa aliyeng'atwa na mbwa yanasimama zaidi juu ya kanuni za madhara ambazo nchi yetu ilizipokea kutoka Uingereza, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kanuni hizo zina milango miwili.

Mlango wa kwanza ni ujuzi wa mwenye mbwa. Kama alijua kwamba mbwa wake ana tabia ya kushambulia watu, naye akaendelea kumfuga, anawajibika kwa madhara hata akisema kwamba siku ile alijitahidi kumfunga. Mdai hahitaji kuthibitisha uzembe. Anahitaji kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua.

Mlango wa pili ni uzembe. Hata kama mbwa hajawahi kumng'ata mtu, mwenyewe anaweza kuwajibika ikiwa hakuchukua tahadhari ambazo mtu mwenye busara angezichukua. Kwa mfano, mbwa wa kulinda ghala amefunguliwa saa ambazo watoto wanakwenda shule, au geti limevunjika wiki nzima na mwenyewe analiona.

Wasomaji wa Biblia hawatashangaa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, sheria ya Musa inamtenga ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe bila mwenyewe kutazamia, na yule aliyezoea kupiga watu ambaye mwenyewe alikwisha kuonywa asimzuie. Huyu wa pili hukumu yake ni nzito zaidi. Yaani swali la "alijua au hakujua" ni la zamani sana.

Hapo ndipo ulipo moyo wa makala hii. Ujuzi wa mwenye mbwa haushuki kutoka mbinguni, huletwa na sisi. Mama anayenyamaza mbwa anapomrarua mwanawe sketi, au anapomchuna kidogo tu, anamwachia mwenye mbwa nafasi ya kusema kesho, "Mimi sikujua." Lakini mama aliyemweleza mwenye mbwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na jambo likaandikwa na kutiwa tarehe, ameweka ushahidi utakaomsaidia hata mtoto wa mwenzake.

Na lile bao lililoandikwa "Mbwa Mkali"? Wengi hudhani linamwondolea mwenye nyumba lawama zote. Siyo hivyo. Linaweza kusaidia utetezi wake dhidi ya mtu mzima aliyeingia uani bila kubisha hodi. Lakini laweza pia kuwa ushahidi kwamba alijua mbwa wake ni mkali. Na mbwa aliyetoka nje akamng'ata mtoto barabarani hafunikwi na bao la getini.

Ni haki pia tuseme upande wa pili. Aliyeingia kuiba, au aliyemchokoza mbwa kwa mawe, anaweza kunyimwa fidia au kupunguziwa. Mtoto mdogo hapimwi kwa akili ya mtu mzima, lakini ni wajibu wetu kuwafundisha wasimchokoze mbwa aliyefungwa, anayekula au anayenyonyesha.

FIDIA NI YA NINI?

Fidia si faida wala si bei ya mtoto. Ni kumrudisha aliyeumia, kadiri fedha inavyoweza, pale alipokuwa kabla ya kuumia. Kuna hasara zinazohesabika: dawa, sindano, nauli, nguo zilizoraruliwa, na kipato kilichopotea. Mahakama zetu zimesisitiza mara nyingi kwamba hasara za namna hii lazima zitajwe waziwazi katika madai na zithibitishwe. Maana yake, bila risiti ni vigumu kupata kitu. Kisha kuna fidia ya maumivu, hofu, makovu na ulemavu, ambayo hakimu huipima kwa busara yake baada ya kusikia ushahidi.

Kama aliyeng'atwa alikuwa kazini, kwa mfano mtumishi wa nyumbani au mlinzi wa ghala, mwajiri ana wajibu wa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Na ikiwa mtu amefariki, sheria inawaruhusu mume au mke, watoto na wazazi waliomtegemea wadai fidia.

Tusichanganye jambo hili na kifuta machozi cha serikali. Kile hutolewa kwa madhara ya wanyamapori kama tembo, fisi na mamba. Mbwa wa kufugwa ana mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayedaiwa.

TUANZIE WAPI?

Kwanza, baada ya mtoto kupata matibabu, toa taarifa polisi na uombe fomu ya PF3, ambayo daktari ataijaza kueleza majeraha. Kanuni ya Adhabu inamhesabia kosa mtu ambaye kwa uzembe haachi tahadhari tu nyumbani kwake, bali anashindwa kuzuia hatari inayoweza kutazamiwa kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Akipatikana na hatia, mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru amlipe fidia aliyeumia.

Pili, mjulishe mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata na afisa mifugo. Uliza kama mbwa huyo alichanjwa, na uombe kuona cheti chake. Uliza pia sheria ndogo za halmashauri zinasemaje kuhusu kufuga mbwa.

Tatu, tunza karatasi. Mfuko mmoja wa plastiki uliotundikwa mahali pakavu unatosha: risiti, kadi ya chanjo, PF3, picha ya jeraha, majina ya walioona, na daftari lenye tarehe za safari zote.

Nne, jaribuni kupatana. Baraza la kata lipo kwa ajili ya usuluhishi, na jirani wengi wakionyeshwa risiti hulipa bila kelele. Lakini mapatano yaandikwe: kiasi gani, kwa tarehe zipi, na mbele ya mashahidi gani. Msitie sahihi kwamba yamekwisha kabla mtoto hajamaliza sindano na kidonda hakijapona. Kuwatumia sungusungu kumtoza mtu faini kwa nguvu si njia, kwa maana fedha iliyopatikana kwa vitisho huzaa kesi nyingine.

Tano, mkishindwa kupatana, mahakama ipo. Madai ya madhara kama haya yana ukomo wa miaka mitatu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, mzazi anaweza kufungua shauri kwa niaba yake. Sheria inampa mtoto nafuu katika kuhesabu muda, lakini mashahidi huhama na risiti hufutika, kwa hiyo msikawie. Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao watakueleza ni mahakama ipi ya kuiendea na jinsi ya kuandika madai. Waulizeni katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

NA KAMA MBWA NI WETU?

Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tunafuga mbwa. Basi tujitazame. Je, amechanjwa mwaka huu? Je, mnyororo ni mzima na geti linafungwa? Je, tumewahi kumcheka alipomkimbiza muuza mboga? Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa wa kichaa hukosa njia ya kuenea. Gharama ya kuchanja mbwa ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kumtibu mtu mmoja aliyeng'atwa.

Na ikitokea mbwa wako amemng'ata mtoto wa watu, usijifiche wala usimtume mtoto wako kwenda kusema pole. Nenda mwenyewe na cheti cha chanjo mkononi. Mfunge mbwa, usimwue wala usimpeleke kijiji cha mbali. Fuatana na mama yule mpaka hospitalini, na lipa. Anayelipa mapema hulipa kidogo, na hubaki na jirani.

Katika mkutano ujao wa mtaa au wa kikundi chenu cha akina mama, ombeni dakika chache kwa ajili ya jambo hili. Mwalikeni afisa mifugo aseme siku ya chanjo. Mwombeni mwenyekiti afungue daftari moja la kuandika kila mtu aliyeng'atwa: tarehe, mahali, mbwa wa nani, na kama mwenyewe amejulishwa. Daftari hilo halitagharimu zaidi ya kalamu na karatasi, lakini siku mwenye mbwa atakaposema, "Sikujua," litafunguliwa na kusomwa.