Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda watoe taarifa kabla ya sindano ya maumivu

Mkazi wa Lamadi, wilayani Busega mkoani Simiyu, mwenye vali bandia ya moyo anaweza kuwa anahudhuria kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, lakini mgongo unapomuuma hutafuta sindano karibu na nyumbani. Mhudumu wa hapo hana faili lake. Asipoelezwa, hawezi kujua kwamba mgonjwa anameza warfarini, dawa inayopunguza uwezo wa damu kuganda.

Ukubwa wa hatari hutegemea mahali sindano inapoingia. Karibu na ngozi, damu inayovuja huzuiwa kwa kukandamiza. Sindano ya msuli, ikiwemo ya diklofenaki, inaweza kusababisha damu kuvilia ndani ya nyama. Dawa hiyo yenyewe huongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni. Karibu na uti wa mgongo nafasi ni finyu: damu ikijikusanya hubana mishipa ya fahamu, na mgonjwa anaweza kupooza miguu.

Hata hivyo, kuacha dawa kwa uamuzi binafsi si suluhisho. Damu inaweza kuganda kwenye vali, au bonge likafika kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Uamuzi hufanywa kwa pamoja na daktari anayetibu maumivu na yule aliyeandika dawa. Kwa sindano za karibu na uti wa mgongo, warfarini kwa kawaida husitishwa takribani siku 5 kabla, kisha kipimo cha damu cha INR huthibitisha kwamba damu inaganda ipasavyo. Dawa nyingine zina muda wake, hivyo ratiba ya mgonjwa mmoja haifai kutumiwa na mwingine. Siku ya kuanza tena dawa nayo hupangwa mapema.

Mgonjwa anashauriwa kubeba daftari la kliniki au pakiti za dawa kila aendapo zahanati, kituo cha afya au duka la dawa, na kutaja pia aspirini na dawa za asili anazotumia.

Baada ya sindano ya mgongo, ganzi au udhaifu wa miguu, maumivu makali yanayozidi, au kushindwa kuzuia haja ni dharura. Mgonjwa awahishwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku, kwa kuwa saa chache za kuchelewa zinaweza kumnyima uwezo wa kutembea tena.