Seli Shina kwa Mbwa Mwenye Viungo Vibovu: Zinafanya Nini Hasa?

Mbwa anayeumwa viungo hapigi kelele. Huanza kuacha mambo moja moja: harukii tena gari, hapandi ngazi mpaka aitwe mara ya pili, na akiamka asubuhi hutanguliza miguu ya mbele halafu akakivuta kiuno taratibu. Mwenyewe akimtazama husema huyu sasa kazeeka. Mara nyingi kinachomsumbua ni baridi yabisi ya viungo, na uzee husingiziwa tu. Makadirio yanayotumiwa sana na madaktari wa mifugo wa Amerika Kaskazini yanasema mbwa mmoja kati ya watano waliovuka umri wa mwaka mmoja anao ugonjwa huu.

Umri huo wa mwaka mmoja usikushangaze. Kwa mbwa, baridi yabisi haingoji mvi. Kwa kawaida huanzia kwenye umbo alilozaliwa nalo. Katika German Shepherd, Labrador na Rottweiler wengi, kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa ndani ya kikombe cha nyonga. Kinacheza, kinagonga ukingo, na kila hatua inakwangua. Wengine wana viwiko vilivyokua kombo. Wengine hukatika kano ya ndani ya goti, na goti hilo lisilotulia huanza kuharibika ndani ya miezi michache. Kinacholika ni gegedu, ule utando mgumu unaoteleza kwenye ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya damu wala neva, na hapo ndipo tatizo linapokaa: likichanika halipati chakula cha kutosha kujitengeneza, na kwa kuwa haliumi, mbwa huendelea kukimbia akiliharibu zaidi. Maumivu huja baadaye, yakitoka kwenye utando laini wa ndani ya kiungo, kwenye mfuko wake, na kwenye mfupa ulio chini ya gegedu. Sehemu hizo huvimba, hupata joto, humwaga kemikali kwenye ute wa kiungo, na kemikali zile zile huzidi kulimomonyoa gegedu lililobaki.

Shikeni picha hiyo ya uvimbe, kwa sababu bila hiyo tiba ya seli shina haieleweki.

Historia yake kwa wanyama ni fupi. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Urusi, Alexander Friedenstein, alianza kuonyesha kwamba ndani ya uboho kuna seli chache zinazong'ang'ania chombo cha maabara, zinazozaana na kuweza kutengeneza mfupa. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan alizipa jina lililoenea dunia nzima, la seli shina za mesenkaima. Mwaka 2001 kundi la watafiti wa Marekani likaonyesha kwamba seli za aina hiyo zimo pia kwenye mafuta ya mwili, tena kwa wingi. Hapo mlango wa biashara ukafunguka, maana kuchota mafuta ni rahisi kuliko kutoboa mfupa. Mwaka 2002 daktari wa mifugo Bob Harman alianzisha kampuni ya Vet-Stem huko California. Ilianza na farasi walioumia kano, kisha ikaingia kwa mbwa.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Mbwa hupewa nusukaputi, hukatwa kidogo nyuma ya bega, kwenye kinena au tumboni, na kutolewa mafuta ya gramu kadhaa. Maabara huyasaga kwa kimeng'enya kinachovunja nyuzi zinazoyashikilia, kisha huyazungusha kwenye mashine mpaka seli zitengane na mafuta. Mchanganyiko unaopatikana unaweza kurudishwa kwa mbwa siku hiyo hiyo au baada ya siku mbili, lakini ndani yake seli shina zenyewe ni chache. Kilichobaki ni seli za damu, za mishipa na nyinginezo. Njia ya pili ni kuzikuza maabara kwa wiki mbili au tatu mpaka zifike mamilioni. Ya tatu, ambayo naona ndiyo inayopata nguvu, haimgusi mgonjwa kwa kisu: seli huchukuliwa kwa mbwa mwingine mchanga mwenye afya, hukuzwa, hugandishwa, na kuyeyushwa siku ya kuchomwa. Mbwa mwenye baridi yabisi huwa kwa kawaida ni mzee na mzito, na kumlaza kwa nusukaputi ili kumchota mafuta ni hatari ambayo siipendi kama inaweza kuepukwa.

Mwishowe seli huchomwa ndani ya kiungo kwa sindano. Baadhi ya zahanati huzitia kwenye mshipa wa damu, lakini nyingi ya hizo hunasa kwanza kwenye mapafu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Wenye mbwa huelezwa, au huelewa wenyewe, kwamba seli hizi ni mafundi wa ujenzi: zikiingia kwenye nyonga zitaota gegedu jipya na kiungo kitarudi kuwa cha ujana. Imani hiyo ina chanzo chake. Katika chombo cha maabara, ukizipa seli hizi vichocheo vinavyofaa, kweli hugeuka gegedu, mfupa au mafuta. Lakini nyonga ya mbwa mgonjwa haifanani na chombo cha maabara. Seli zilizochomwa humo nyingi hufa au hutoweka ndani ya siku na wiki chache, na gegedu lililokwisha kulika hubaki limelika. Arnold Caplan mwenyewe, yule aliyezipa jina, aliandika mwaka 2017 akitaka neno shina liondolewe, kwa sababu kazi yake halisi ni kutoa ishara.

Ishara gani? Zikikuta mahali pamevimba, seli hizi humwaga kemikali zinazozigeuza tabia seli za kinga. Makrofaji, zile seli kubwa zinazokula uchafu na ambazo ndani ya kiungo kigonjwa huwa zimekasirika na kuchochea uvimbe, huanza kutulia na kutoa vitu vya kutengeneza badala ya vya kubomoa. Kiungo hupoa. Maumivu hupungua. Mbwa akiumwa kidogo hutembea zaidi, akitembea zaidi misuli ya paja hurudi, na misuli hiyo huikaza nyonga iliyolegea. Kwangu hilo si dogo hata kidogo. Ila ni jambo tofauti na kujengewa kiungo kipya, na mtu anayelipia moja akidhani anapata jingine ametendewa vibaya hata kama mbwa wake amepata nafuu.

Ushahidi wa nafuu hiyo upo. Mwaka 2007 Linda Black na wenzake walichapisha jaribio la mbwa 21 wenye nyonga mbovu. Baadhi walipata seli za mafuta yao wenyewe, wengine maji ya chumvi, na madaktari waliowapima hawakujua nani kapata nini. Waliopata seli walichechemea kidogo kuliko wenzao katika miezi mitatu ya ufuatiliaji. Huko Las Palmas, katika visiwa vya Kanari vya Hispania, timu ya José Vilar iliwatembeza mbwa juu ya bamba linalopima nguvu ambayo kila mguu unakanyagia ardhi. Bamba halina huruma wala matumaini, ndiyo maana naliamini. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha mbwa wakikanyaga kwa nguvu zaidi mwezi mmoja baada ya sindano, nafuu ikidumu hadi miezi mitatu hivi, kisha ikishuka taratibu kurudi ilikoanzia. Hivyo ndivyo tunavyotarajia kwa tiba inayotuliza. Ukuta uliojengwa usingebomoka kwa miezi sita.

Jaribio linalonifikirisha kuliko yote ni la Harman, yule wa Vet-Stem, na wenzake, lililotoka mwaka 2016. Mbwa 74 walichomwa ama seli za mfadhili, milioni 12 kwa kila kiungo, ama maji matupu ya chumvi. Wenye mbwa waliulizwa kuhusu shughuli walizozichagua wenyewe, kama kupanda ngazi au kuinuka. Asilimia 79.2 ya waliopata seli walihesabiwa kuwa wamepata nafuu. Waliopata maji ya chumvi? Asilimia 55.4. Tofauti ni ya kweli kitakwimu, na inaipa tiba hii uzito. Lakini tazama hiyo namba ya pili. Zaidi ya nusu ya watu ambao mbwa wao hawakupewa chochote cha maana waliona mabadiliko.

Mbwa hajui kama kachomwa seli au maji, kwa hiyo matumaini ni ya binadamu anayemtazama. Watafiti Michael Conzemius na Richard Evans walilichunguza jambo hilo na kulichapisha mwaka 2012, wakiwafuata mbwa 58 waliokuwa kwenye kundi la dawa isiyo na kitu. Wamiliki walidhani wanaona nafuu, ambayo bamba la nguvu halikuiona, katika asilimia 57 hivi ya tathmini zao. Madaktari wa mifugo nao hawakusalimika. Walikosea kwa njia hiyo hiyo katika asilimia 40 au zaidi. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Mtu anayempenda mnyama wake, aliyelipa fedha nyingi na kumwona akilazwa mezani, hutafuta dalili njema na huzipata. Tena baridi yabisi yenyewe hupanda na kushuka. Mbwa hupelekwa hospitali wiki ile mbaya zaidi, na wiki inayofuata ingekuwa afadhali hata asingetibiwa. Kwa sababu hiyo, zahanati inayonionyesha picha za mbwa wanaokimbia na barua za shukrani bado haijanionyesha chochote.

Ulaya imekwenda mbali zaidi katika kuisajili tiba hii kama dawa. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha DogStem, ya kampuni ya EquiCord ya Hispania, kwa mbwa wenye baridi yabisi ya nyonga na kiwiko. Seli zake hutoka kwenye kitovu cha farasi. Msomaji anaweza kushtuka kusikia seli za farasi zikitiwa kwenye nyonga ya mbwa, lakini ukishakubali kwamba seli hizi huingia, hutoa ishara na kutoweka, asili yake huacha kuwa kitendawili. Faida ya dawa iliyosajiliwa ni kwamba kila chupa ina idadi ya seli inayojulikana na imepimwa usafi wake, jambo ambalo mafuta yaliyosagwa chumba cha nyuma hayawezi kuahidi.

Madhara makubwa ni nadra, ila yapo ya kuangaliwa. Kiungo kinaweza kuvimba na kuuma zaidi siku chache baada ya sindano. Sindano yoyote ya kiungo ikiingia na vijidudu ni janga. Tafiti za farasi zimeonyesha kwamba mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya seli za mfadhili, kwa hiyo kurudia dozi kunahitaji hadhari. Na mbwa mwenye saratani hapewi, kwa kuwa seli zinazotoa ishara za ukuaji hazifai karibu na uvimbe unaotafuta kukua.

Gharama Marekani mara nyingi hupita dola 2,000. Kabla ya mtu wa Nairobi, Arusha au Mombasa kuanza kutafuta fedha hizo, kuna jambo lenye ushahidi mzito kuliko seli zote, na halihitaji maabara. Mwaka 1987 kampuni ya chakula ya Purina ilianza kuwafuata Labrador 48 tangu wakiwa watoto hadi kufa. Waligawanywa jozi, mmoja wa kila jozi alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Waliokula kidogo waliishi miaka 13 kwa wastani wa kati, wenzao miaka 11.2, na waliokula kidogo walikaa takriban miaka mitatu zaidi kabla ya kuhitaji matibabu ya baridi yabisi. Chakula kile kile, familia zile zile. Kwa mbwa aliyekwisha kunenepa, utafiti wa Glasgow wa mwaka 2010 ulionyesha kuchechemea kukipungua pale tu mbwa alipopoteza asilimia sita ya uzito wake. Kwa mbwa wa kilo 40 hizo ni kilo mbili na nusu hivi.

Huku kwetu mbwa wengi walio hatarini ni walinzi: German Shepherd anayefungwa mchana kutwa kwenye banda la saruji, anayekula ugali na mabaki ya mezani, aliyezalishwa kutoka kwa wazazi ambao nyonga zao hazikuwahi kupigwa eksirei. Wapo pia mbwa wa kazi, kama wale wa kunusa pembe za ndovu bandarini Mombasa, ambao kiungo kikifa na kazi imekufa. Mlinzi huyo wa banda akianza kuchechemea, mwenyewe hukimbilia duka la dawa na kununua diklofenaki au ibuprofeni ya watu. Nawasihi msifanye hivyo. Dawa hizo humtoboa mbwa tumbo na kumuua figo kwa dozi ambayo mtu mzima asingeihisi. Meloksikamu na kaprofeni za mbwa zipo, kwa dozi inayopimwa kwa uzito na baada ya daktari kuangalia figo na ini.

Kwa mbwa ambaye uzito umeshuka, dawa zimetumika ipasavyo na bado anaumwa, au ambaye figo zake hazizivumilii dawa hizo, seli shina ni chaguo la heshima, mradi mwenyewe ameambiwa kwamba ananunua miezi kadhaa ya utulivu. Anayekupa tiba hiyo muulize seli zimetoka wapi, ni ngapi, ngapi kati yake zilikuwa hai siku ya sindano, na atapimaje matokeo. Akishindwa swali la mwisho, kipimo uwe nacho wewe: mpige mbwa video ya simu akitembea kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mwendo wa kawaida, kwenye sakafu ile ile na saa ile ile, wiki moja kabla ya sindano, kisha siku ya 30, ya 90 na ya 180. Video hizo mpe daktari ambaye hakumtibu mbwa huyo, bila kumwambia ipi ni ya lini, na umwombe azipange kuanzia ile ambayo mbwa anachechemea zaidi.