Mlio wa Alfajiri: Kuusikiliza Mkanda wa Pikapu Kuukuu

Baada ya swala ya alfajiri, mwenye pikapu huwasha gari awahi mboga Kongowea. Injini haijatulia bado, hutoka mlio mwembamba mkali, mfano wa paka aliyekanyagwa mkia, ukapenya madirishani mtaa mzima. Dakika mbili baadaye umenyamaza. Na kwa kuwa umenyamaza, aghalabu hakuna anayeuuliza habari zake, mpaka siku gari litakaposimama kwenye mlima wa Mazeras, mvuke ukifoka chini ya boneti na mzigo wa watu ukiungua jua.

Katika nyumba nyingi za Pwani gari la namna hii ndilo tegemeo. Lina umri mkubwa kuliko mtoto wa kwanza, limebeba nazi, mchanga, maji na vyombo vya arusi. Mara nyingine baba yuko Ghuba au ametangulia mbele ya haki, na mama ndiye anayemlipa dereva na ndiye anayeitwa gereji kuambiwa: “Mama, alternata hii imekufa.” Hutoa pesa ya karo, hununuliwa alternata ya mtumba, na wiki ya pili mlio unarudi kama ulivyokuwa. Si lazima fundi awe mwongo. Mara nyingi amekisia tu, naye hakuulizwa amepimaje.

Mlio huo, kwa kawaida, ni wa mkanda ulio mbele ya injini, ambao mafundi huuita fenibelti. Ni mpira uliotiwa nyuzi imara ndani yake, unaozunguka kwenye puli, yaani magurudumu yenye mfereji, jamaa wa zile roda za jahazini. Puli ya chini huzungushwa na injini yenyewe. Mkanda huchukua mzunguko huo ukaupeleka kwenye pampu ya maji, feni na alternata inayochaji betri. Pampu ya usukani na kompresa ya kipupwe, gari likiwa navyo, mara nyingi huwa na mikanda yao. Mkanda ukishika barabara huwa kimya. Ukiteleza juu ya puli, hulia.

Kwa nini basi hulia alfajiri? Kwa sababu starta imekwisha kula sehemu ya nguvu ya betri, na injini ikishawaka alternata hufanya kazi kubwa kuirudisha. Kazi ikiwa kubwa, puli yake huwa nzito kuzungusha, na mkanda uliolegea au kuchakaa hushindwa kuishika. Betri ikijaa, uzito hupungua na mlio hukoma. Kimya hicho si dalili ya kupona. Unyevu wa bahari nao una sehemu yake: gari lililolala nje karibu na pwani huamka na umande na kutu jepesi kwenye puli, na mlio mfupi wa sekunde chache asubuhi ya mvua si wa kutisha. Unaojirudia kila siku ndio wa kufuatiliwa.

Lakini jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui, nami naliona kubwa kuliko yote, ni la breki. Katika pikapu na malori mengi ya dizeli ya Kijapani ya miaka ya 1980 na 1990, Toyota Hilux zenye injini za 2L na 3L zikiwamo, nyuma ya alternata pamefungwa pampu ndogo ya kufyonza hewa. Injini ya petroli hufyonza hewa kwa namna inayoweza kusaidia breki. Ya dizeli haina mfyonzo wa kutosha, ndipo ikawekewa pampu hiyo iipe nguvu busta ya breki. Mkanda ukikatika, alternata husimama na pampu husimama nayo. Dereva atapata msaada wa kukanyaga mara chache tu, kisha pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Breki hazijapotea, ila zataka nguvu ya mguu mzima, na gari lililopakia huchukua masafa marefu zaidi kusimama. Wakati huohuo pampu ya maji imeacha kuzunguka na injini inachemka. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka gari likiwa mwendoni, dereva asidhani ni habari ya betri peke yake. Apunguze mwendo, atafute pahala salama, asimame.

Tukirudi kwenye kusikiliza, wakati wa mlio husema mengi. Ukitokea usukani unapokatwa hadi mwisho, shuku mkanda wa pampu ya usukani. Ukitokea kipupwe kinapowashwa, shuku wa kompresa. Ukitokea taa na feni za ndani zinapowashwa pamoja, ni njia ya alternata. Sauti yenyewe pia hutofautiana: yowe refu ni kuteleza; mlio wa kukatikakatika kama wa kifaranga, unaoharakisha kadiri injini inavyoharakisha, mara nyingi ni wa puli zisizokaa katika mstari mmoja; mngurumo au mkwaruzo ni wa beringi iliyokufa.

Kipimo cha mafundi ni maji. Injini ikiwa inanguruma taratibu na mlio ukisikika, hunyunyizwa maji kidogo upande wa ndani wa mkanda, ule unaogusa puli. Mlio ukizidi, mkanda umelegea. Ukinyamaza kisha ukarudi maji yanapokauka, uso wa mkanda umechakaa au puli zimepinda. Usipobadilika hata kidogo, tafuta beringi. Kipimo hiki akifanye aliyevaa nguo za kubana, akiwa amesimama mbali na feni. Mama aliyejifunga leso, buibui au mtandio mrefu asiinamie injini inayozunguka hata kwa dakika moja. Mkanda ukidaka pindo hauachi. Kusikiliza kwa hatua tatu nyuma kunatosha.

Injini ikizimwa, ikapoa, na ufunguo ukiwa mfukoni mwako, hapo waweza kusogea. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya masafa marefu baina ya puli mbili: katika magari mengi hukubali kiasi cha sentimita moja, ingawa kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Upindue utazame ubavu wake. Mkanda wa zamani, ule wa umbo la kabari, hushika kwa mbavu wala si kwa kitako. Mbavu zikiwa zinang’aa kama kioo, au kitako kikigusa sakafu ya mfereji wa puli, umekwisha. Nyufa na nyuzi zilizochomoza hazihitaji mjadala. Ukiwa na mafuta, usinunue mpya kabla ya kuziba panapovuja, na mipira ya ile pampu ya nyuma ya alternata, ambayo hupitisha mafuta ya injini, ni ya kutazamwa mapema.

Wapo wanaoupaka mkanda sabuni. Hunyamaza, na kilichonyamazishwa ni mjumbe, ugonjwa uko palepale. Wapo pia wanaoukaza mpaka unalia kama uzi wa udi ukiguswa, na hili ni baya zaidi, kwani huziua beringi za alternata na pampu ya maji, yakawa matengenezo matatu pahala pa moja.

Kwa hiyo ukiambiwa alternata imekufa, jibu ni la upole: “Mwanangu, utoe mkanda kwanza, uzungushe puli mojamoja kwa mkono nione.” Injini iwe imezimwa. Puli nzima huzunguka laini na kimya. Yenye kukwaruza, kuyumba au kukwama ndiyo yenye kesi. Ni kazi ya dakika chache, na fundi mwaminifu hataikataa.

Ikiwa ni mkanda tu, soma namba iliyochapwa mgongoni mwake, au uupeleke ule mkuukuu dukani ulinganishwe upana na urefu. Palipo na mikanda miwili sambamba, ibadilishwe yote kwa pamoja, kwani mpya na mkuukuu havivuti sawa. Mkanda mpya hunyooka ukianza kazi. Baada ya siku chache za safari urudishwe kukazwa tena. Ule wa zamani, kama haujapasuka, utiwe chini ya kiti pamoja na spana inayofungua bolti ya alternata.