Hakutaka Kuwarudisha Wageni

Ndugu msomaji, eropleni ikipita juu ya shamba lako, watoto hukimbia nje kuitazama. Je, umepata kuwaza juu ya wale waliojaribu kuruka kabla eropleni hazijakuwapo? Sikiliza habari za mmoja wao, Mwingereza Percy Pilcher.

Pilcher alizaliwa mwaka 1867. Akiwa na miaka 13 aliingia jeshi la maji, kisha akawa fundi wa mitambo. Mwaka 1895 alikwenda Ujerumani kumwona Otto Lilienthal, bingwa wa kuruka kwa mabawa bila injini. Mwaka uliofuata Lilienthal alianguka akafa. Pilcher hakukata tamaa. Alikuwa na mabawa aliyoyatengeneza kwa mianzi na kitambaa, yaliyoitwa Hawk, maana yake mwewe. Mwaka 1897 yalimchukua hewani mwendo wa mita 250 hivi.

Lakini alitaka zaidi. Akaunda chombo kipya chenye injini na mabawa matatu, moja juu ya jingine. Kazi hiyo ilihitaji fedha. Basi tarehe 30 Septemba 1899 wakubwa walikusanyika Stanford Hall, shamba la Lord Braye, katikati ya Uingereza, wakione. Kumbe injini ilikuwa imeharibika siku chache kabla! Tena mvua ilikuwa imenyesha.

Wewe ungefanyaje? Pilcher hakutaka kuwarudisha wageni bure. Akatoa Hawk yake ya zamani, ingawa kitambaa kilikuwa kimelowa na kuwa kizito. Farasi wakamvuta kwa kamba, akapaa. Mara mwanzi wa mkia ukavunjika, naye akaanguka toka kimo cha mita 10 hivi. Baada ya siku mbili akafa, mtu wa miaka 32 tu.

Chombo chake cha injini hakikuruka kamwe. Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliruka kwa injini, na sifa ikawa yao. Mwaka 2003 mafundi wa Uingereza waliunda chombo mfano wa kile cha Pilcher, wakakirekebisha kidogo, nacho kikakaa hewani zaidi ya dakika moja.

Ndugu yangu, mvua hukatika, injini hutengenezwa, na mgeni aweza kuja siku nyingine. Siku utakapoona haya kusema, "Bado sijawa tayari," mkumbuke Pilcher.